Mtori, manjano na vidonge: ninavyopima chakula na dawa kwenye kolaitisi

Nikisema naumwa kolaitisi watu wengi wanasikia vidonda vya tumbo, na kabla sijamaliza kueleza nishaambiwa ninywe juisi ya kabichi, niache maharage, niache ndimu na pilipili, utapona tu. Nimeamua niandike kwa kirefu kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote, na wenye ugonjwa huu na ndugu zao pia, ni lilelile: je naweza kuachana na dawa nikarekebisha chakula tu? Jibu langu sio la neno moja, maana chakula kina kazi yake ya kweli kwenye ugonjwa huu na sitaki kukidharau hata kidogo, ila kuna kitu watu wanakiruka. Kujisikia nafuu ni kitu kimoja na utumbo kupona ni kitu kingine, na ukivichanganya hivyo viwili hesabu yote ya dawa na chakula inakwenda mrama.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe, ni magonjwa mawili ambayo madaktari wanayaweka kapu moja. Kolaitisi ya vidonda, hii yangu, inakaa kwenye utumbo mpana peke yake, inaanzia kule mwisho karibu na njia ya haja kubwa halafu inapanda juu, inachubua ngozi ya ndani mpaka inatoa damu na makamasi. Ndugu yake anaitwa ugonjwa wa Crohn, jina la daktari Burrill Crohn ambaye yeye na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai kule New York waliuandika mwaka 1932, huu unaweza kukaa popote kuanzia mdomoni mpaka chini kabisa, na unachimba ukuta wote wa utumbo ndo maana unaweza kubana njia ya chakula au kutoboa. Yote mawili ni kinga ya mwili inayoshambulia utumbo wa mwenyewe. Hayaambukizi, hayaletwi na pilipili, na mpaka leo hakuna dawa inayoyang'oa moja kwa moja. Yanalala na kuamka.

Na hapo kwenye kulala na kuamka ndipo shida ya ushuhuda inapoanzia. Ugonjwa unaoweza kutulia wenyewe, chochote ulichokuwa unakula wiki ile ulipotulia kitapata sifa. Mtu ameharisha damu miezi miwili, amechoka, anaanza kunywa unga wa mlonge, wiki ya tatu damu inakata, anarekodi voice note inazunguka magrupu yote ya ukoo. Huyo mtu hadanganyi, damu kweli imekata. Ila hata kwenye majaribio ya dawa, lile kundi linalopewa vidonge vitupu visivyo na kitu ndani huwa linakuwa na watu wanaopata nafuu, ndo maana wanaotafiti wanalazimika kulinganisha makundi mawili badala ya kusikiliza mtu mmoja mmoja. Mlonge hauna kundi la pili. Wale waliokunywa na hawakupata kitu hawarekodi voice note.

Kilichonifungua macho mimi ni kipimo kimoja cha choo kinaitwa kalprotektini. Ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu, zikijazana kwenye utumbo kupigana basi na hiyo protini inatoka nyingi kwenye choo, unapeleka sampuli kwenye kikopo kama unavyopeleka ya minyoo, wanakupa namba. Kwa kawaida chini ya 50 hakuna wasiwasi, ikivuka 250 ugonjwa uko macho. Sasa kuna kipindi nilikuwa naendelea vizuri sana, nakula uji wa mchele asubuhi, mtori mchana, samaki wa kuchemsha jioni, tumbo limetulia, damu sioni, nimerudi kazini, hata mwili umeanza kurudi. Daktari akasema tupime hivyohivyo. Majibu yalisoma 780. Nilikaa na ile karatasi naiangalia, maana mwilini sikuwa na dalili yoyote ya kunishtua. Chakula laini kilikuwa kimepunguza kazi ya utumbo, hakuna gesi, choo hakikimbii, lakini kule ndani vidonda vilikuwepo vinaendelea na yao. Tukaongeza dawa, chakula nikabaki nacho kilekile, na vipimo vilivyofuata namba ikawa inashuka kidogo kidogo. Tangu hapo mtu akiniambia chakula fulani kimemponyesha, swali langu la kwanza kwa upole kabisa ni hili, umepima?

Sasa chakula kinafanya nini hasa? Kwangu mimi, na kwa wengi ninaoongea nao, ugonjwa ukiamka vyakula vyenye nyuzi nyingi na vinavyochacha tumboni vinaongeza mateso. Kisamvu, maharage, mahindi ya kuchoma, fenesi, embe zile za nyuzi. Sio kwamba vinaleta ugonjwa, vinaongeza wingi wa choo na gesi kwenye utumbo ambao tayari una vidonda, kwa hiyo mbio za chooni zinazidi. Ukila wali, ndizi zilizopondwa, viazi bila maganda, mbio zinapungua na unaweza kupanda daladala bila kuwaza. Hiyo nafuu ni ya kweli na ina thamani kubwa, mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye foleni ya Ubungo na tumbo linaloamka hawezi kujua thamani yake. Maziwa nayo watu wengi wanayalaumu, lakini watu wazima wengi wa kwetu hatuna kimeng'enya cha kutosha kumeng'enya sukari ya maziwa hata tusipoumwa chochote, kwa hiyo ukiacha maziwa tumbo likatulia usikimbilie kusema umetibu kolaitisi. Kwa mwenye Crohn iliyobana utumbo ni jambo jingine tena, kwake mahindi na nyuzi za embe zinaweza kuziba njia kabisa, huyo kuviacha sio suala la raha ni usalama.

Ila ugonjwa ukilala narudisha vyakula, kimoja kimoja, taratibu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wanaondoa, wanaondoa, hawarudishi. Leo ameacha maharage, kesho nyama, keshokutwa ngano, wiki ijayo mayai, mwishowe anaishi kwa uji na chai ya rangi, na mtu huyo huyo kila siku anapoteza damu chooni. Damu inashuka, protini hamna, nguo zinamvuka, halafu ndugu wanasema ugonjwa umezidi wakati sehemu ya huko kuzidi ni njaa. Mwili wenye vidonda unataka protini zaidi. Mimi ugonjwa ukiwa umeamka dagaa nawasaga unga nachanganya kwenye mchuzi, mayai ya kuchemsha, samaki, kuku aliyechemka mpaka akalegea, na nachunguza damu na madini ya chuma kila ninapoenda kliniki.

Shangazi yangu yuko Tanga, ananipenda sana na ana imani kubwa na manjano. Nikimpigia simu tunaanzia hapohapo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Bado unameza yale madawa? Yatakumaliza figo. Si nilikutumia manjano?"

"Nimeipata shangazi, ahsante, naiweka kwenye mchuzi kila siku. Ila na dawa nameza."

"Haya, meza. Ila manjano usiache."

Nami siiachi, na shangazi hajakosea kabisa, ndo maana nilienda kuisoma. Kuna jaribio lilitoka mwaka 2015, watu 50 wenye kolaitisi ya wastani ambao mesalazini, dawa ya kawaida ya kolaitisi, peke yake ilikuwa haiwatoshi, wakagawanywa makundi mawili, wote wakaendelea na mesalazini, nusu wakaongezewa kukumini, ile kemikali ya kwenye manjano, gramu 3 kwa siku, nusu wengine vidonge vitupu. Baada ya mwezi zaidi ya nusu ya waliopata kukumini ugonjwa ulikuwa umetulia, upande wa pili hakuna hata mmoja. Ni matokeo mazuri sana kwa watu wachache namna hiyo. Lakini angalia vizuri, hakuna aliyeacha dawa yake, manjano iliongezwa juu. Halafu kuna suala la kipimo, kwenye unga wa manjano wa dukani kukumini ni kama asilimia 3 hivi, kwa hiyo gramu 3 za kukumini unazipata kwenye kama gramu 100 za unga, hiyo ni zaidi ya vijiko 30 vya chai kwa siku, hakuna mchuzi wa namna hiyo. Vidonge vyake vilivyokolezwa vipo, ila vimeshahusishwa na watu kuumia ini, kwa hiyo ukitaka kuvitumia mwambie daktari wako akupime ini, usivimeze kimyakimya.

Na sasa niseme upande ambao chakula ni dawa kabisa, maana upo, na haki yake ipewe. Mtoto mwenye Crohn anaweza kutibiwa kwa maziwa maalum ya kopo yenye virutubisho vyote, anakunywa hayo tu bila chakula kingine chochote kwa wiki 6 mpaka 8, na ugonjwa unatulia sawa na vile ungetulia kwa steroidi, zile dawa kali za kushusha uvimbe kama prednisoloni, tena utumbo wenyewe unapona vizuri zaidi na mtoto anaendelea kukua. Madaktari wa watoto Ulaya wanaanza na hiyo kabla ya steroidi. Mwaka 2019 likatoka jaribio jingine la watoto 74, kundi moja lilianza na maziwa matupu wiki 6 kisha likarudi kwenye chakula cha kawaida likiendelea na maziwa kidogo, kundi la pili lilikuwa na nusu maziwa nusu chakula kilichochaguliwa, kuku, mayai, wali, viazi, ndizi mbivu, tufaa, bila ngano, bila maziwa ya ng'ombe, bila vitu vya viwandani. Wiki ya 12 wale wa chakula kilichochaguliwa robo tatu yao walikuwa wametulia bila steroidi, wale wengine chini ya nusu. Nikiisoma ile orodha naona jikoni kwetu kabisa, kuku, ndizi, viazi, mayai. Kwa mzazi wa mtoto mwenye Crohn hapa kwetu hili ni jambo la kumuuliza daktari leo. Kwa watu wazima inafanya kazi pia ila wengi wanashindwa kuvumilia kunywa kopo tu wiki zote hizo, na kwa kolaitisi kama yangu hayo maziwa sio tiba, hili wauzaji wa virutubisho hawakwambii.

Kwa watu wazima wenye Crohn kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2021 ambao naupenda kwa sababu ulipima vyote viwili, hisia na mwili. Watu 194, nusu wakala ile mlo maarufu inayokataza nafaka zote na sukari karibu yote, nusu wakala mlo wa watu wa Mediterania, mboga, samaki, mafuta ya zeituni, nafaka. Baada ya wiki 6 karibu nusu ya kila kundi walisema wamepata nafuu, 46.5 kwa 43.5 kwa mia, yaani ile ngumu ya kukataza nafaka haikuizidi ile nyepesi. Lakini walipoangalia damu za wale waliokuwa na CRP ya juu, kile kipimo cha uvimbe mwilini, walioshuka hawakufika hata 6 kati ya 100 kwenye kundi lolote. Nafuu ya nusu ya watu, na damu bado inasema moto upo. Ni ileile karatasi yangu ya 780, ila sasa kwa watu wengi.

Kuhusu vyakula vya viwandani, soda, soseji, biskuti, mwaka huohuo 2021 utafiti wa watu zaidi ya 116,000 kwenye nchi 21 ulikuta wanaokula sana vitu hivyo wanapata magonjwa haya zaidi. Mimi nimepunguza, na wanangu nimewapunguzia. Ila kinachosaidia mtu asipate ugonjwa hakilazimiki kumtibu aliyekwisha kuupata.

Turudi kwenye vidonge vinavyoogopwa. Mimi nilianzia na sulfasalazini, dawa ya zamani iliyobuniwa na daktari mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, alikuwa anatafuta dawa ya baridi yabisi, akaona wagonjwa wenye kolaitisi nao wanapata nafuu, na kufikia miaka ya 1940 ikawa inatumika. Vile vidonge vina rangi ya machungwa na mkojo nao unageuka hivyohivyo, siku ya kwanza nilishtuka chooni nikadhani nimeumia figo, kumbe ni rangi ya dawa tu. Kichwa kinauma mwanzoni, kichefuchefu, unameza na chakula, unaongezewa foliki asidi, na wanaume wajue inapunguza mbegu mpaka utakapoiacha, zinarudi. Mesalazini ni ile sehemu inayofanya kazi peke yake bila salfa, inavumilika zaidi na bei iko juu zaidi. Na kama ugonjwa uko kule mwisho, dawa ya kuweka kwa nyuma usiku inafanya kazi kuliko ya kumeza, watu wanaona aibu kuiulizia famasi, jamani ulizeni tu.

Cha kukumbuka kwenye hizi ni kwamba kazi yake kubwa ni kuulinda usingizi wa ugonjwa, unazimeza wakati hujisikii kuumwa, na ndo maana ni rahisi kuziacha. Mwaka 2003 kuna utafiti mdogo uliofuatilia watu 99 ambao kolaitisi yao ilikuwa imelala na wote waliandikiwa mesalazini. Waliomeza kama walivyoandikiwa, 89 kwa mia waliendelea kutulia, wale waliokuwa wanarukaruka ni 39 kwa mia tu. Sijawahi kuona mlo wa kolaitisi wenye namba za namna hiyo.

Prednisoloni ndo nyingine kabisa. Ugonjwa ukiwa mkali inaokoa maisha, madaktari wa Uingereza walilionyesha hilo mwaka 1955 kwa kotisoni, kabla ya hapo kolaitisi kali iliua wengi. Lakini sio dawa ya kukaa nayo, inavimbisha uso, inapandisha sukari, inakula mifupa, na ukishaitumia wiki kadhaa huiachi ghafla, unashushwa taratibu. Anayeniambia anaogopa prednisoloni ya muda mrefu namuunga mkono, ila dawa ya kuitoa prednisoloni ni dawa nyingine bora, azathioprini kwa mfano, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, huku ukipimwa damu mara kwa mara, au zile za sindano kama infliksimabu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, ambazo kwa wengi wetu bei ndo ukuta.

Na kwetu kuna hatua ya kabla ya yote hiyo. Kuharisha damu huku kwa kawaida ni amiba, ni bakteria, wakati mwingine kichocho, kwa hiyo kuanza kwa kutibu hayo sio kosa, tatizo ni kurudia dawa za amiba mwaka mzima bila kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana. TB ya utumbo nayo inafanana na Crohn mpaka wataalamu wanahangaika kuzitofautisha, na mwenye amiba au TB akipewa steroidi anaweza kuharibikiwa vibaya. Zile sindano kama infliksimabu nazo zinaweza kuamsha TB iliyolala, kwa hiyo unapimwa TB na homa ya ini kabla. Kingine, diklofenaki na ibuprofeni, tunazozinunua duka la dawa muhimu kwa mgongo na kichwa kama pipi, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kabla hujamlaumu harage, jiulize wiki iliyopita ulimeza nini cha maumivu.

Hela nayo ni sehemu ya kupima, nisijifanye sio. Nawajua watu wanaonunua virutubisho vya makopo kwa mtu wa mtandao wa biashara kila mwezi, halafu sulfasalazini, ambayo ipo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani na bei yake ni nafuu, wanairuka kwa sababu hela imeisha. Kama hela ni moja, mimi naipeleka kwenye kidonge, kinachobaki kwenye kipimo, halafu mayai na samaki. Mtori ni ndizi na nyama, hauhitaji kopo la mtu.

Mimi na daktari wangu tumekubaliana hivi: chakula nakipanga mwenyewe kwa namna tumbo linavyoniambia, dawa haipunguzwi kwa sababu najisikia vizuri, inajadiliwa kupunguzwa pale kalprotektini ikikaa chini muda wa kutosha na kolonoskopi ikionyesha ngozi imepona. Mwenye mpango wa mimba aseme mapema, dawa nyingi za ugonjwa huu zinaendelea salama, methotreksati haifai kabisa, na kushika mimba ugonjwa ukiwa macho ni hatari zaidi kuliko vidonge vingi.

Na wale ambao wametulia kwa chakula tu na wameacha kwenda kliniki, nawaomba hili moja. Utumbo mpana ukikaa na uvimbe miaka mingi, hata ule uvimbe usiousikia, hatari ya saratani inapanda, ndo maana ukifika miaka 8 tangu dalili zianze unatakiwa kufanyiwa kolonoskopi ya kuangalia saratani, baada ya hapo daktari anakupangia kila baada ya mwaka mmoja, mitatu au mitano kutokana na alichokiona. Mwenye ule ugonjwa wa mirija ya nyongo unaoandamana na kolaitisi hasubiri miaka 8, anaanza siku ileile anapogundulika na anarudia kila mwaka. Hesabu miaka yako, ukiona imefika piga simu hospitali unayotibiwa ukate tarehe.